Kila Upande Usikizwe

Fundi wa bomba amekwisha kutia mabomba katika nyumba ya ghorofa, naye hajalipwa. Mkandarasi mkubwa amwambia kazi ina kasoro. Yeye ajibu kwamba kasoro ni za mwashi. Hati ya mapatano yao yasema shauri liende kwa mwamuzi. Hapo, wanachama wenzetu, ndipo haki huokoka au hupotea, na mara nyingi hupotea katika makaratasi.

Sheria ya Kenya ya mwaka 1995 ihusuyo waamuzi, katika fungu la 19, yaagiza wenye shauri watendewe sawasawa, kila mmoja apewe nafasi ya haki kueleza maneno yake. Fungu la 35 laruhusu Mahakama Kuu kutangua uamuzi ikiwa mtu hakupewa habari ya shauri ipasavyo, au hakuweza kujieleza. Mwenye kulalamika asikawie: miezi 3 ikipita tangu kupokea uamuzi, mlango umefungwa.

Basi mwamuzi akiipokea barua ya mmoja, mwenziwe asiione, fundi aweza kushinda leo na ushindi wake ukatanguka kesho, vibarua wake wangali wakingoja mshahara. Nasi hatuwezi kumlaumu mwamuzi peke yake. Karani aliyesahau kupeleka nakala, au kupiga muhuri wa tarehe siku barua ilipofika (kazi tuidharauyo sana), ana sehemu yake.

Twawasihi wenzetu walio katika ofisi za ujenzi: barua yo yote iendayo kwa mwamuzi, nakala yake iende kwa upande wa pili siku ile ile, na stakabadhi itiwe failini.