Nani akuandikie barua ya chuo?



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, ofisi za misikiti hapa Morogoro hupokea wageni wa aina moja: kijana, mzazi wake, na bahasha ya vyeti. Wanatafuta barua ya mapendekezo, kwa kuwa chuo au mfadhili anataka watu wawili wamuelezee mwombaji. Swali lao la kwanza huwa ni hili: “Katibu, nani mwenye jina kubwa atuandikie?” Wiki hii napenda tulitazame swali hilo, kwa sababu kuna vijana wenye sifa nzuri ambao barua zao haziwasaidii kitu.

Kwanza tujue barua inadaiwa wapi. Kwa shahada ya kwanza hapa nchini, iwe ni Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilichofunguliwa mwaka 2005 pale Msamvu, iwe ni SUA au Mzumbe, kinachotazamwa hasa ni matokeo ya mtihani na vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Barua hudaiwa zaidi kwa wanaoomba vyuo vya nje, ufadhili wa masomo, au shahada ya uzamili. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoasisiwa mwaka 1961, huitaka kwa jina la tazkia, na humo hutafuta habari za dini na mwenendo wa mwombaji. Mfadhili wa masomo ya tiba au uhandisi hutaka zaidi kujua uwezo wake darasani. Hizo ni barua mbili tofauti, na aghalabu huwafaa waandishi wawili tofauti.

Qur’ani imetuonesha namna ya kumpendekeza mtu. Katika Surat al-Qasas, aya ya 26, binti wa mzee wa Madyan anamshauri baba yake amuajiri Nabii Musa (a.s.), na anataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Hakutaja kabila lake wala ukubwa wa nyumba aliyotoka. Wafasiri wameeleza kuwa nguvu aliiona kisimani, Musa alipowanyweshea mifugo wao, na uaminifu aliuona katika heshima yake njiani. Alisema alichokishuhudia.

Imepokewa pia kuwa Umar bin al-Khattab (r.a.) aliletewa shahidi asiyemjua, akataka mtu wa kumtambulisha. Mmoja wa waliokuwapo akasema anamjua kuwa ni mtu mwadilifu. Umar akamuuliza: Je, ni jirani yako? Mmewahi kuuziana na kudaiana? Mmesafiri pamoja? Yote akajibu hapana. Umar akamwambia kuwa basi hamjui, na akamtuma mwenye shida akalete mtu mwingine.

Maswali hayo yanatutosha hata leo. Mkuu wa shule ana mamia ya wanafunzi. Huenda anamjua kijana wako kwa jina lililo kwenye orodha tu. Barua yake itasema kuwa ni mwanafunzi mwenye nidhamu, na maneno hayo hayo yatakuwamo katika barua za wenzake wote. Mheshimiwa wa mjini aliyekutana naye mara moja harusini hawezi kuandika hata hayo.

Tuchukue mfano wa binti wa Kinole, anayesoma bweni huku mjini na kurudi mlimani wakati wa likizo. Anaomba ufadhili asomee uuguzi. Mwalimu wake wa kemia alimwona akianza na alama za chini kidato cha tano, akibaki darasani jioni, hadi akawa anawaelekeza wenzake. Huyo ndiye wa kumwandikia barua ya masomo. Hana cheo, lakini ana la kusema. Kuhusu mwenendo, kule kwao yupo ustadha aliyemsomesha tangu utotoni, na kila likizo humwachia watoto wadogo wa madrasa awafundishe. Ushahidi wa mama huyo una uzito kuliko wa sheikh ambaye baba amemfuata kwa ajili ya muhuri. Mara nyingi baba hutafuta wanaojulikana na yeye mwenyewe, na kwa binti zetu jambo hili huwaumiza zaidi, kwa kuwa waliowalea kielimu ni walimu wa kike ambao hatukumbuki kuwauliza.

Jamaa wa karibu, hata akiwa mwalimu, tumwepuke. Wanazuoni wengi hawakukubali ushahidi wa mzazi kwa mwanawe, na wasomaji wa barua hizi nao huutilia shaka.

Namna ya kuomba nayo ina adabu zake. Usingoje matokeo. Baada ya mtihani wa Mei shule hutawanyika, vijana wengi huitwa JKT, na walimu wengine huhamishwa. Ongea na mwalimu kabla hujaondoka, na muulize kwa uwazi: “Mwalimu, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia?” Akisita, mshukuru na utafute mwingine, amekuepusha na barua baridi. Akikubali, mpe nakala za vyeti, jina la chuo na kozi, tarehe ya mwisho, na wiki tatu hivi za nafasi. Kama chuo kitamtumia maombi kwa baruapepe, hakikisha ni anwani anayoifungua. Ustadha wa mlimani asiye na kompyuta aseme kwa Kiswahili, maneno yake yachapwe na kutafsiriwa bila kuongezwa chumvi, asomewe, kisha atie saini.

Lisilofaa ni kijana kujiandikia sifa zake na kumpelekea mwalimu saini tu, au kumuomba katibu wa msikiti aandike kuwa anamfahamu kwa miaka mitano, hali amemwona Ijumaa mbili. Huo ni ushahidi wa uongo, japo umepambwa kwa nembo. Aya ya 85 ya Surat an-Nisaa inatufunza kuwa mwenye kumwombea mwenzake kwa wema ana fungu katika wema huo, na mwenye kuombea kwa ubaya ana sehemu ya mzigo wake. Zaidi ya hayo, muhuri ukishaonekana kuwa unasema lolote, barua ya kweli ya mtoto wa mwakani haitaaminiwa.

Kwa hiyo wazazi wenye watoto walio kidato cha tatu sasa, kazi yenu imeshaanza. Waachieni wajulikane: wajitolee madrasa, waulize maswali darasani, washike dhamana ndogo na kuzitimiza. Nanyi vijana, majibu yakija, ya kheri au ya kukosa, rudini kwa mwalimu mumwambie. Wengi wao huandika barua hizo usiku, baada ya kusahihisha madaftari, na hawasikii tena habari zake.

Wabillahi tawfiiq.