Umaskini Wetu Upimwe Pia

Vijana wenzangu, na nyinyi mnaofanya kazi na mashirika, leo wacha tuongee kuhusu fomu moja. Si ile ya kuhamia nchi ya tatu, hiyo tumeiongea mpaka imechakaa. Ni fomu ya serikali ya Kenya ya kuomba ufadhili na mkopo wa chuo. Inasema imetengenezwa kwa ajili ya mtoto wa maskini. Mimi nasema haijamaliza kazi yake, juu kuna maskini mmoja inayemrudishia mlangoni kabla hata ya kumuuliza kama kwao wamekula.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi, manake wengi wetu tunalalamika bila kuielewa. Mwezi wa Mei 2023 serikali ilitangaza mfumo mpya wa kugharamia vyuo vikuu. Zamani pesa zilikuwa zinapelekwa kwa chuo. Sasa zinamfuata mwanafunzi mmoja mmoja. Mwanafunzi anaomba mtandaoni na kuulizwa kuhusu hali ya familia yake: wazazi, mapato, idadi ya watu nyumbani, kama ana ulemavu, kama anatoka sehemu zilizoachwa nyuma. Majibu yanapimwa, halafu anawekwa kwenye kundi moja kati ya matano.

Kundi la kwanza ni la familia ambazo mapato yake hayazidi shilingi 5,995 kwa mwezi. Hapo ufadhili wa serikali unalipa 70% ya gharama ya kozi, mkopo wa HELB unabeba 25%, na familia inabaki na 5%. Kundi la tano ni la familia zinazopata zaidi ya shilingi 120,000 kwa mwezi: ufadhili 30%, mkopo 30%, familia 40%. Makundi mengine yako katikati hapo.

Mfumo huu una kelele zake. Kuna Wakenya waliojikuta kwenye kundi la matajiri na nyumbani hawana kitu. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo unakiuka katiba, halafu mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo, mfumo ukaendelea. Hiyo vita ni ya Wakenya na wanaipigana vizuri. Lakini wazo lenyewe, kwamba asiye nacho asaidiwe zaidi ya mwenye nacho, nani atalipinga?

Sasa njoo uone mahali sisi tunapokwama. Ufadhili unapewa mwanafunzi aliyepangiwa chuo na KUCCPS, na nafasi za serikali ambazo KUCCPS inapanga ni za raia. Mkopo unatoka HELB, na sheria iliyounda HELB mwaka 1995 inasema wazi kwamba ni ya kusaidia wanafunzi Wakenya. Kwa hiyo kabla ya swali la mapato, kabla ya swali la baba na mama, kuna swali la kitambulisho cha taifa. Huna? Basi. Hakuna mtu aliyepima umaskini wako akauona ni mdogo. Haukupimwa.

Tuseme kuna wasichana wawili Kakuma. Mmoja ni Mturkana, mwingine ni Mkongomani aliyeletwa hapa akiwa mgongoni mwa mama yake. Wamekaa dawati moja miaka minne. Mtihani wao wa KCSE ni mmoja, na wote wawili wamepata B, wakati mlango wa chuo kikuu unafunguka kwa C+. Wote wanataka kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Yule wa kwanza akiwekwa kundi la kwanza, ufadhili unamlipia 140,000, mkopo 50,000, na familia yake itafute 10,000. Yule wa pili atafute 200,000 zote, na kuna vyuo vitakavyomhesabu mwanafunzi wa kigeni na kumwongezea juu yake.

Elfu kumi na laki mbili. Hiyo ndiyo tofauti ya wasichana wawili walioandika mtihani mmoja kwenye chumba kimoja. Tena naomba tusikosee hapa: sisemi yule Mturkana anapata nyingi. Hata hiyo elfu kumi, kwa mtu wa Turkana ambaye ukame umemalizia mbuzi, ni mlima. Nasema tu kwamba njaa ya hawa wawili ni ile ile, na mizani ilitengenezwa kwa sababu ya njaa.

Kuna watu watasema, "Mkimbizi ni mgeni, ashukuru amepewa pa kulala." Tunashukuru, na tutaendelea kushukuru. Lakini tusome vitabu vyao wenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya elimu. Haikusema kila raia. Na walioiandika walijua tofauti, kwa sababu kwenye vifungu vingine, kama kile cha kupiga kura, waliandika raia.

Halafu kuna Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Wengi wetu tunaujua kwa jina tu. Kifungu cha 22 kinasema kwamba kwa shule ya msingi mkimbizi atendewe sawa na raia. Kwa elimu ya juu ya hapo, atendewe vizuri kadiri inavyowezekana, na kwa vyovyote asiwe chini ya wageni wengine. Na kinataja mambo kwa majina: kutambuliwa kwa vyeti, kupunguziwa karo, na kupewa ufadhili wa masomo. Zaidi ya miaka 70 iliyopita kuna watu walikaa mezani wakafikiria neno ufadhili. Ni kweli, "kadiri inavyowezekana" si amri. Ni mlango ulioachwa wazi kidogo. Lakini mlango ukiachwa wazi kidogo, mtu anatakiwa ajaribu kuusukuma.

Kenya yenyewe imeshausukuma sehemu. Desemba 2017 ilikuwa kati ya nchi za IGAD zilizotoa Azimio la Djibouti, la kuwaingiza wakimbizi kwenye mifumo ya elimu ya taifa. Ilipitisha Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inayotambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na biashara. Machi 2025 ikazindua Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi ziwe miji ambamo wenyeji na wakimbizi wanatumia huduma pamoja. Sasa mimi nauliza: tunatumia pamoja hospitali, tunatumia pamoja sekondari, mbona tukifika chuo tunaachana njia?

Tusifikiri ni Kenya peke yake. Uganda inasifiwa dunia nzima kwa kumpa mkimbizi kipande cha ardhi na ruhusa ya kutembea, lakini bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, ni ya Waganda. Tanzania, HESLB inataka mwombaji awe Mtanzania. Ukivuka mpaka unabadilisha tu jina la bodi. Jibu ni lile lile.

Sasa tuje kwenye pingamizi lenye uzito, na tusilikwepe. Mkenya atasema, "Pesa ya kodi yangu haimtoshi hata mtoto wangu, utaigawa vipi tena?" Huyu hana roho mbaya. Anasema ukweli. Wanafunzi Wakenya wanachelewa kupata pesa zao na wengine wanaahirisha masomo. Tukienda kwake na bango la kudai ufadhili wa 70% kesho asubuhi, tutakuwa tunamwambia ampunguzie mtoto wake sahani. Ni kweli pia sisi tunalipa kodi kila tukinunua sabuni dukani, lakini tusijidanganye, kodi ya sabuni haiwezi kujenga chuo.

Ndiyo maana mimi siombi kila kitu mara moja. Naomba vitu vitatu, na kila kimoja kina mtu wa kukifanya.

Cha kwanza hakihitaji pesa nyingi. Mkimbizi aliyefanya KCSE ndani ya Kenya aruhusiwe kupangiwa chuo na KUCCPS, na atozwe karo ya Mkenya, si ya mgeni. Amesoma silabasi ya Kenya na serikali ya Kenya ndiyo iliyompa cheti. Kumwita mgeni siku ya kulipa karo ni kusahau nani alimfundisha.

Cha pili ni pesa za wafadhili. Leo kila shirika lina ufadhili wake, fomu yake, mahojiano yake, na nafasi zake chache. Badala ya kila mmoja kuchimba kisima chake, sehemu ya pesa hizo iingie kwenye mfumo wa taifa, kwenye dirisha la wakimbizi, na igawiwe kwa kipimo kile kile cha makundi matano. Mkenya hatapunguziwa hata senti, na mkimbizi atapimwa kwa uhitaji wake. Na wenyeji wa Turkana na Garissa wapate fungu lao humo humo, juu tusipofanya hivyo tutatengeneza uadui wa bure.

Cha tatu ni mkopo, na hapa Bunge lazima ligeuze sheria. Mkopo si zawadi. HELB inatoza riba ya 4% na inataka pesa zirudi. Lakini mkopo bila kibali cha kazi ni mtego. Ukimkopesha mkimbizi halafu ukamzuia kuajiriwa, umempa deni na cheti cha kuning'iniza ukutani. Kwa hiyo hivi viwili vitembee pamoja. Na kama unaogopa kwamba atapata nafasi ya kuhamia Canada akapotea na deni, basi liandikwe kwenye mkataba kwamba deni linamfuata. Mkenya aliyehamia ng'ambo naye anadaiwa huko huko aliko.

Kuna mtu ataniuliza, "Umaskini wa mkimbizi mtaupima vipi? Hana hati ya kifo cha baba, hana karatasi ya mshahara." Jamani! Kuna mtu aliyepimwa umaskini kuliko sisi? Tumehesabiwa vichwa, tumechukuliwa alama za vidole, tumeulizwa mara ngapi tunakula na tunalala wangapi kwenye nyumba. Mwaka 2025 msaada wa chakula ulipopungua, familia za Kakuma ziligawanywa makundi manne kulingana na uhitaji. Tunaweza kubishana kama walizigawa vizuri, na wengi wetu tunabisha. Lakini hakuna anayeweza kusema taarifa hazipo. Kama zilitosha kuamua nani apunguziwe chakula, kwa nini zisitoshe kuamua nani asaidiwe karo?

Sasa nyinyi wa mashirika, mnisamehe kidogo. Masharti magumu hayako serikalini tu. DAFI, ufadhili unaolipiwa zaidi na Ujerumani na kusimamiwa na UNHCR tangu 1992, umesomesha maelfu ya vijana na umebadilisha maisha ya watu tunaowajua. Lakini kwenye ufadhili wa aina hii tunakutana na kikomo cha umri, tunakutana na sharti la mtu mmoja kwa familia. Vita haikuuliza umri wa mtu. Kijana aliyepoteza miaka mitano njiani, akarudi darasa la sita akiwa na miaka 17, atamaliza sekondari lini? Msichana aliyezaa akarudi shule, je? Kikomo cha umri kinamwadhibu yule yule aliyechelewa kwa sababu ya ukimbizi. Mkiandika masharti mapya, hesabuni miaka iliyopotea. Na mnapokuwa kwenye mikutano ya Mpango wa Shirika, ambako sisi hatuitwi au tunaitwa kupiga picha, ulizeni hili swali la KUCCPS kwa sauti. UNHCR imejiwekea lengo la kufikisha 15% ya vijana wakimbizi kwenye elimu ya juu ifikapo 2030. Ufadhili wa nafasi ishirini ishirini hautatufikisha huko. Mifumo ya nchi ndiyo inaweza.

Na sisi vijana tuna kazi yetu. Tusikae tukisema "hiyo si yetu" mpaka wote waamini. Ukipata alama za kuingia chuo, weka cheti chako vizuri. Ukikataliwa kwa sababu ya kitambulisho, omba jibu kwa maandishi. Ukitozwa karo ya mgeni, hifadhi hiyo risiti. Viongozi wa vijana kila kambi na kila mtaa waanze orodha: nani alifaulu, alipata alama gani, alikwama wapi, anadaiwa shilingi ngapi. Mbunge hawezi kubishana na orodha kama anavyobishana na kilio. Pia tuwaite wanafunzi wenyeji tukae nao, tuwaeleze kwamba hatutaki sahani yao. Tukienda Nairobi sisi na wao pamoja, tutasikilizwa haraka kuliko tukienda peke yetu.

Mfumo wa kumpima mwanafunzi kwa umaskini wake ulikuwa wazo zuri. Tunachoomba ni kwamba mizani ikishawekwa mezani, isifunikwe tunapofika sisi. Tupimeni. Mkikuta tuna uwezo, tutalipa kama wenye uwezo. Mkikuta hatuna, basi hilo swali mlishalijibu wenyewe, mlipoandika asilimia 70.