Kusafisha picha ya nyota si kuipika

Tangu Julai 2022, darubini ya James Webb ilipoanza kutuletea picha za anga za mbali, swali moja huzuka kila zinapoonyeshwa wanafunzi: je, rangi hizo ni za kweli au zimepakwa na binadamu? Ni swali la haki. Mwanafunzi wa leo anaishi katika zama ambapo akili unde inaweza kumchorea galaksi isiyokuwapo kwa kufumba na kufumbua. Asipofunzwa kupambanua, ataamini yote au atakana yote. Na yote mawili ni ujinga.

Naamini jibu halipatikani kwa kuhutubiwa, bali kwa kutenda. Ndiyo maana nimekuwa nikijifunza kutumia Siril, programu ya tarakilishi iliyoundwa mahususi kwa ajili ya kusafisha picha za nyota. Haiuzwi, yeyote anaweza kuichukua bila malipo.

Jambo la kwanza linalomshangaza mwanagenzi ni kwamba picha mbichi karibu yote ni nyeusi. Mwanga wa nyota ni hafifu mno, na kamera huuhifadhi kama tarakimu tu. Kazi ya programu ni kuzifasiri tarakimu hizo kwa utaratibu. Mpigapicha hupiga picha kadhaa akiwa ameziba lenzi, ili ajue doa lipi limetokana na kamera yenyewe. Hupiga nyingine za uso mweupe ulioangazwa sawasawa, ili kufichua vumbi na giza la pembeni. Kasoro hizo huondolewa. Kisha picha nyingi za sehemu ile ile ya anga hulinganishwa nyota kwa nyota, kwa kuwa dunia huzunguka na nyota huonekana kusogea. Mwishowe hurundikwa na kutafutiwa wastani.

Hapo ndipo hisabati inapojitokeza. Chenga zinazoichafua picha hutokea kiholela. Zikirundikwa hufifishana, ilhali nyota hubaki pale pale. Picha 16 hupunguza chenga hadi robo. Picha 100 hadi sehemu moja ya kumi. Mwanafunzi anayeuliza kipeuo cha pili kina faida gani maishani ataliona jibu kwa macho yake.

Na rangi je? Webb hunasa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa jicho. Wataalamu huyapa mawimbi marefu rangi nyekundu, na mafupi buluu. Hiyo ni tafsiri, si uzushi, kwa maana kila hatua yaweza kuelezwa na kurudiwa na mtu mwingine. Mwanagenzi hukutana na kishawishi pale anapoongeza mng'aro: akizidisha, chenga zenyewe huanza kufanana na mawingu ya angani. Anayezitangaza kuwa mawingu amepika picha, sawa na karani anayepika hesabu. Kujua mpaka huo uko wapi ni elimu inayovuka somo la Fizikia.

Watakuwapo watakaosema kwamba hii ni anasa kwa taifa lenye shule zisizo na madawati. Sikubaliani nao. Satelaiti ya Uhuru, iliyorushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ilikuwa ya kwanza duniani kutengewa utafiti wa miale ya eksirei angani. Aprili 15, 2023, Kenya ilirusha Taifa-1, ya kuchunguza ardhi. Picha za mashamba na mafuriko nazo huja kama tarakimu zinazohitaji kusafishwa na kufasiriwa. Tusipowaandaa vijana wa kuzisoma, tutamiliki jicho angani na kukodi akili za kutueleza limeona nini.

Isitoshe, gharama si kubwa kama inavyodhaniwa. Hazina za picha za Hubble na Webb ziko wazi kwa umma. Tarakilishi moja yatosha chama cha wanafunzi, na mwalimu aweza kupakua picha mjini akazipeleka kijijini. Giza la mashambani, ambalo aghalabu tunalihesabu kuwa dalili ya umaskini, ni mtaji ambao shule za Nairobi hazina. Nasi tulio karibu na Ikweta tunaziona nyota za kaskazini na za kusini pia.

Kizingiti kilichosalia ni lugha. Mwanagenzi hulemewa na istilahi za kigeni kabla hajaigusa picha. Walimu wa Kiswahili na wa sayansi wana kazi ya kufanya pamoja: kurundika, kulinganisha na kung'arisha ni maneno tuliyo nayo tayari. Shule za sekondari pevu zilizopokea Gredi ya 10 Januari 2026 zina nafasi nzuri ya kuanza, na Kilimia kingali kinachomoza bila ada.