Usiuachilie usukani kwa sababu ya gia

MSOMAJI mpendwa, kama wewe ni miongoni mwa wakazi wa mijini ambao huenda kazini kwa baiskeli kuukuu ya mbio, zile za usukani uliopindwa kama pembe za kondoo dume ambazo hutufikia kutoka Ulaya zikiwa mitumba, hebu itazame vizuri kabla ya kuipanda tena. Je, gia zake hubadilishiwa wapi?

Katika baiskeli nyingi za aina hiyo zilizoundwa kabla ya miaka ya tisini, leva mbili ndogo za gia zimefungwa kwenye bomba la chini la fremu, karibu na magoti ya mwendeshaji. Ili kubadilisha gia ni lazima uuachilie usukani kwa mkono mmoja, uiname, uipapase leva, kisha uurudishe mkono mahali pake. Ni muda mfupi sana, lakini katika muda huo mkono huo hauko kwenye usukani wala kwenye breki. Itakuwaje matatu ikisimama ghafla mbele yako kuchukua abiria? Itakuwaje gurudumu la mbele likitumbukia shimoni? Wahenga walisema ajali haina kinga, lakini zipo ajali ambazo twaziita wenyewe.

Dawa ya tatizo hili si ngeni. Mwaka 1990 kampuni ya Shimano ya Japani ilitoa leva za breki ambazo pia hubadilisha gia, na mwaka 1992 Campagnolo ya Italia ikafuata na zake. Katika zile za Shimano, ukiivuta leva kuelekea usukani baiskeli hushika breki. Ukiisukuma kando kwa vidole gia hubadilika. Mikono yote miwili hubaki pale pale. Leo leva za aina hii hazipatikani kwa baiskeli za mabingwa peke yake, bali zipo pia za bei nafuu za gia saba au nane, na nyingine huuzwa zikiwa zimetumika.

Maoni yangu ni kwamba mwenye baiskeli ya aina hii, akipata pesa kidogo za kuitengeneza, asikimbilie rangi mpya wala tandiko la ngozi. Breki zake zikiwa nzima, kinachofuata kiwe leva hizi.

Zaidi ya usalama barabarani kuna sababu ya pili ambayo haizungumzwi sana, nayo ni magoti. Mtu ambaye leva zake za gia ziko mbali huona uvivu au hofu ya kuzigusa kwenye msongamano wa magari. Matokeo yake ni kwamba hupanda mlima, tuseme kutoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Upper Hill, akiwa katika gia ile ile nzito aliyokuwa nayo kwenye tambarare. Kila anapokanyaga pedali goti hubeba mzigo mkubwa. Afanyapo hivyo asubuhi na jioni, maumivu ya goti hayatashangaza mtu. Gia nyepesi huiwezesha miguu kuzunguka haraka bila kujikamua, na mizunguko kati ya 70 na 90 kwa dakika huwafaa wengi. Gia ikiwa karibu na kidole, utaibadilisha. Ikiwa mbali, utavumilia tu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Anayekwenda kazini kwa baiskeli huweza kuzitimiza bila kulipa ada ya ukumbi wa mazoezi. Lakini faida hiyo yatoka wapi iwapo mtu ataitupa baiskeli stoo kwa sababu ya goti bovu, au kwa hofu iliyomwingia baada ya kuponea chupuchupu?

Wapo watakaosema kwamba ya kale ni dhahabu, na kwamba mabingwa wa Tour de France walishinda kwa miaka mingi wakitumia leva za kwenye fremu. Ni kweli. Hata hivyo, mabingwa hao walishindana katika barabara zilizofungiwa magari, wala hawakukwepa mikokoteni na bodaboda. Wengine watasema leva za zamani haziharibiki upesi, na kila fundi wa mtaani huzielewa. Hilo pia ni kweli, na ndiyo sababu kazi hii haifai kufanywa kiholela.

Kwanza, hakikisha fremu haina ufa wala kutu iliyoila. Pili, kagua breki. Vipira vilivyokauka vibadilishwe, na kama rimu ni za chuma zilizopakwa kromu, fahamu kwamba breki hazizishiki vyema wakati wa mvua. Rimu za alumini ni bora zaidi. Leva mpya juu ya breki mbovu ni sawa na kumpaka maiti manukato.

Tatu, hesabu gia za nyuma. Leva ya gia nane yahitaji gia nane nyuma, na ya saba vivyo hivyo. Fremu nyingi za zamani zina nafasi ya milimita 126 kwa gurudumu la nyuma, ilhali magurudumu ya gia nane na zaidi kwa kawaida huhitaji milimita 130. Fremu ya chuma huweza kutanuliwa kidogo na fundi hodari. Ya alumini isitanuliwe kamwe, kwa maana yaweza kuvunjika ukiwa safarini. Mwenye nayo na achague leva za gia saba.

Nne, uliza kama leva hizo zinapatana na breki zako na chombo cha nyuma kinachohamisha mnyororo. Kisha weka waya mpya zote, na uzijaribu kwenye uwanja mtupu kabla ya kuingia barabarani. Mwenye viganja vidogo aombe fundi azisogeze leva karibu na usukani, kama zina nafasi ya kufanya hivyo, ili vidole vizifikie bila kunyooshwa.

Na asiyejiweza kifedha je? Zipo leva za gia zinazofungwa kwenye ncha za usukani. Hizo hazijaungana na breki, lakini angalau mkono hauondoki kwenye usukani, na mara nyingi gharama yake ni ndogo. Hiyo ni nusu ya njia, na nusu shari ni heri kuliko shari kamili.

Ndugu msomaji, hospitali hutoza zaidi ya fundi wa baiskeli. Mfupa uliovunjika huchukua wiki nyingi kuunga, na goti lililochakaa haliuzwi dukani. Iache fremu yako ya kale ikupendezeshe, lakini mikono yako ikae kwenye usukani.