Adabu Isiyotahiniwa

Mwanafunzi wa Seoul anayemwambia mwalimu wake Mwingereza "You had better rest" anadhani amempa pole. Mwalimu anasikia onyo: pumzika, la sivyo utakiona.

Asilaumiwe. Kikorea huweka heshima mwishoni mwa kitenzi. Ukimalizia na "-yo", ushauri unasikika kwa adabu. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo kazi ya kulainisha maneno inaangukia "could", "might" na wenzao, ambao darasani hukaririwa kama orodha ya maana tu.

Na kwa nini wasikaririwe? Suneung, mtihani wa kuingia chuo kikuu, una maswali 45 ya Kiingereza: 17 ya kusikiliza, 28 ya kusoma. Kuzungumza hakumo! Wizara ya Elimu ya Korea Kusini ikuingize.