Hatamu si Mjeledi

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, ni nani kati yetu asiyepata kusikia kwamba jeshi la nchi fulani limeshika hatamu za serikali? Ndivyo ilivyokuwa Uganda tarehe 25 Januari 1971. Huko Tanzania nako, tangu mwaka 1975 ilitangazwa kuwa chama ndicho kinachoshika hatamu, hata mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992. Neno twalijua sote. Lakini ni wangapi waliopata kuiona hatamu yenyewe?

Neno hili asili yake ni Kiarabu. Waarabu huita pua na mdomo wa mnyama khatm, na kamba afungwayo ngamia hapo ili aongozwe huiita khitam. Lilitufikia pamoja na farasi na lijamu, ambalo Waarabu nao walilipokea kwa Waajemi. Lakini sehemu nyingi za nchi zetu zina mbung'o, naye huwaambukiza farasi nagana na kuwaua. Kwa hiyo neno likakaa vinywani mwetu, mnyama mwenyewe asikae. Hatimaye hatamu ikatoka kwa farasi ikahamia serikalini, na katika safari hiyo ikapoteza nusu ya maana yake. Leo aghalabu twaifahamu kuwa ni kutwaa nguvu.

Yafaa basi turudi kwa farasi. Mnyama huyu huweza kuwa na uzito wa kilo 500, na mpandaji hafiki hata robo yake. Hawezi kumshinda kwa mabavu. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, hulala juu ya ufizi mahali pasipo meno, na kutoka hapo hatamu hufika mkononi mwa mpandaji. Mpandaji hodari huivuta kidogo tu, na farasi akiitika huilegeza mara moja. Asiyejua kazi huvuta kwa nguvu kila wakati. Ufizi huumia, kisha hufa ganzi, na farasi huwa na kinywa sugu. Siku ya hatari atavutwa, naye hatasimama.

Hapo ndipo penye funzo letu. Raia apigwaye kofi kwenye kizuizi cha barabarani bila kosa hunyamaza na kwenda zake. Kesho amwonapo mwizi wa ng'ombe, au mgeni aliyebeba silaha usiku, hunyamaza vilevile. Askari aliyempiga alidhani ameonyesha mamlaka, kumbe amekifanya sugu kinywa ambacho kingempa habari.

Tusisahau kwamba hata vyeo vyetu vimetoka zizini. Konstebo ni neno lililoanzia katika Kilatini, na maana yake ya kwanza ni mkuu wa banda la farasi. Mashali, cheo cha juu kabisa cha kijeshi, latokana na maneno ya Kijerumani cha kale yenye maana ya mtumishi wa farasi. Mkubwa na mdogo, sote asili yetu ni watunzaji wa nguvu isiyo yetu.

Wazee walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Askari amekwisha pewa farasi mmoja, nao ni ulinzi. Akitaka kumpanda na wa pili, yaani utawala, atawapoteza wote wawili. Idi Amin alijipandisha cheo hata akawa Fildi Mashali, lakini mwezi Aprili 1979 alikimbia Kampala, na jeshi lake likasambaratika.

Kwa maoni yangu, kila kuruta afundishwe maana kamili ya neno hili kabla hajakabidhiwa bunduki. Mjeledi waweza kushikwa na mtu yeyote. Hatamu hutaka mkono mwepesi na mtu ajuaye kwamba farasi si wake.