Elimu ya Tiba Mtandaoni: Zamu Yetu Kutoa

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwaka 2001, chuo kikuu cha MIT nchini Marekani kilitangaza kuwa kingeweka masomo yake mtandaoni bila malipo. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani lilianzisha HINARI, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba, ama bure ama kwa bei nafuu. Leo mwanafunzi wa udaktari mjini Thika au kule Juja anaweza kusoma kwenye tarakilishi mengi ayasomayo mwenzake wa London.

Hii ni neema kubwa. Hata hivyo, naona kuwa neema hiyo hukomea mlangoni pa chumba cha daktari. Tuchukue mfano wa mama anayetoka Gatuanyaga kwenda kutibiwa Thika. Akisema, "Nina homa," je, mwili wake una joto jingi au ana mafua tu? Nchini Kenya neno hilo hubeba maana zote mbili. Akiambiwa kuwa ana dalili za kifafa cha mimba asifafanuliwe, huenda akadhani ametajiwa kifafa cha kawaida. Haya ni maradhi mawili tofauti, na hilo la mimba laweza kumuua yeye na mwanawe.

Masomo ya bure mtandaoni, ambayo mengi ni ya Kiingereza, hayamwandai daktari kwa mazungumzo haya. Wapo watakaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Dai hilo halina mashiko: kitabu mashuhuri cha David Werner kuhusu tiba vijijini kimetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina *Mahali Pasipo na Daktari*. Tulichopungukiwa ni watu wa kuyakusanya maneno na kuyasambaza.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi vyama vyetu na viketi pamoja na wanafunzi wa udaktari, viandae kamusi ndogo ya maswali na maelezo ya hospitalini. Wahadhiri na madaktari waihakiki, kisha iwekwe mtandaoni bure. Tumepokea vya wenzetu kwa muda mrefu; sasa ni zamu yetu kutoa.